Neno Moja la Kiingereza na Maana Zake Nyingi: "Free"

 Mwezi huu twataka kuwapa habari za neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni "free". Lina herufi nne tu, na watoto wetu hulijua mapema. Lakini lilitutia sisi aibu mbele ya watu, na kumpotezea mtoto mmoja muhula mzima wa masomo.

Siku moja alikuja mgeni asiyejua Kiswahili, akakutana na wazazi chini ya mwembe, si mbali na stesheni ya Isaka. Nasi tukaombwa kuwa wakalimani. Mgeni akasema ya kuwa shule ni "free". Sisi, bila kufikiri, tukatamka kwa sauti kuu, "Shule ni bure!" Watu wakapiga makofi. Kesho yake mzee mmoja akaenda kumwandikisha binti yake. Haikupita juma akaambiwa alete sare, madaftari na kalamu. Akatujia jioni, uso umekunjamana, akasema, "Mwalimu, mlisema bure. Mbona bure yenu ina bei?" Akamtoa binti shuleni, akampa sinia la karanga akauze kwa wasafiri.

Tulimwendea mara nyingi, tukimweleza faida ya elimu, naye hakutusikia. Mwisho tukamwambia, "Mzee wetu, kosa si lako, wala si la shule. Kosa ni letu, kwa kuwa tulifasiri vibaya." Hapo akanyamaza kitambo, akacheka, akasema, "Basi mngesema hivyo tangu mwanzo." Binti akarudi, lakini muhula ulikuwa umekwisha.

Kosa lilikuwa wapi? Mgeni alikusudia kusema habari za ada. Katika Tanzania, tangu Januari 2016, ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita pia. Lakini sare na madaftari ni juu ya mzazi. Basi ilitupasa kusema, "Shule haina ada." Tena neno bure lina upande wa pili usiopendeza. Twasema kazi bure, yaani kazi isiyo na matunda. Twasema mtu bure, yaani mtu asiyefaa kitu. Mzazi akiambiwa shule ni bure, moyoni aweza kusikia ya kuwa shule si kitu.

Sasa tuzitazame maana za neno hili moja baada ya moja. Likisemwa juu ya mtu asiyetawaliwa na mwingine, sisi husema huru. Likisemwa juu ya kitu kisichouzwa, husema bila malipo. Likisemwa juu ya kiti, husema kitupu, au hakina mtu. Likisemwa juu ya njia, husema i wazi. Mwingereza akiuliza kama u "free" jioni, auliza kama una nafasi. Chai "free" ya sukari ni chai isiyo na sukari. Na mfungwa akitolewa gerezani, twasema amefunguliwa, au ameachiliwa. Tazameni: Mwingereza atumia neno moja, nasi twahitaji zaidi ya matano. Mwanafunzi akishika bure peke yake, atasema mtu wa bure hapo alipotaka kusema mtu huru, na huyo mtu atakasirika kwa haki.

Waingereza nao wana maneno yanayokaribiana na hili. "Freedom" ni neno lao la asili, na "liberty" walilipokea kutoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Yote mawili ni uhuru. "Gratis" ni Kilatini, maana yake bila malipo. Tena wataalamu wa lugha wanasema ya kuwa "free" na "friend", yaani rafiki, ni ndugu wa shina moja, na shina hilo lilikuwa na maana ya kupenda. Hapo kale, aliye huru alikuwa mtu wa nyumbani, mpendwa wa jamaa. Mtumwa hakuhesabiwa pamoja nao.

Sisi nasi tuna neno la namna hiyo, nalo ni mwungwana. Zamani lilikuwa na maana ya mtu asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu. Kiswahili cha Kongo ya mashariki kimeitwa Kingwana kwa sababu ya neno hilo hilo. Na wazee husema, mwungwana ni kitendo.

Maneno haya si mchezo katika nchi yetu. Kusini kwetu, Tabora, njia za misafara ziligawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kwenda Karagwe na Buganda, na watumwa walipitishwa huko. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Wajerumani waliamuru mwaka 1904 ya kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi yote ikapata uhuru.

Kuna neno moja zaidi: kukomboa. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto watumwa, yaani walitoa fedha wakawanunua ili wawe huru. Mtoto hakulipa kitu. Kwake uhuru ule ulikuwa bila malipo. Lakini mtu mwingine alilipa. Ndivyo ilivyo na shule pia: ada aliyosamehewa yule mzee hulipwa kwa kodi ya watu wote, hata senti za mwuza karanga zimo. Nasi tulio Wakristo twajua zaidi ya wengine ya kuwa kitu tulichopewa bila malipo chaweza kuwa kilimgharimu mwenye kutoa gharama kubwa.

Basi, ninyi waalimu, msiwape watoto neno la Kiingereza na neno moja la Kiswahili tu kando yake. Andikeni ubaoni sentensi sita zenye "free", kila moja kwa maana yake, mkawaulize watoto Kiswahili chake. Nanyi wazazi, mkisikia ya kuwa kitu fulani ni bure, ulizeni maswali mawili kwa upole: ni kipi kisicholipiwa, na ni nani aliyelipa? Kama tungaliuliza hayo siku ile chini ya mwembe, binti yule asingalibeba sinia.