Duara Moja, Hadithi Nyingi

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Kipindi hiki ni cha wazazi na walezi wenye watoto ambao bado hawajaanza shule. Wengi mnasema: "Nyumbani hatuna kitabu hata kimoja, mtoto nitamsomea nini?" Leo tuzungumzie vitabu ambavyo picha zake ni maumbo tu: duara, mraba, pembetatu.

Mwaka 1939 Leo Lionni aliondoka Italia kwenda Marekani, wakati sheria za Mussolini zilipokuwa zinawabagua Wayahudi. Miaka mingi baadaye, akisafiri kwa treni na wajukuu zake wawili, alichana vipande vya karatasi kutoka kwenye jarida ili awatulize kwa hadithi. Hadithi hiyo ikawa kitabu mwaka 1959, kiitwacho Little Blue and Little Yellow.

Wahusika ni vipande viwili vya mviringo, kimoja cha buluu, kingine cha njano. Ni marafiki. Wanakumbatiana mpaka wote wanakuwa kijani, na wakirudi nyumbani wazazi hawawatambui. Wanalia sana, na machozi yanawarudishia rangi zao.

Vipande hivyo havina macho wala mdomo, lakini mtoto anajua nani mzazi na nani analia. Duara halimwambii kila kitu, linamwachia kazi. Leo ni jua, kesho ni chapati, keshokutwa ni bibi. Hapo mtoto anafikiri, anatafuta neno, anapanga kisa. Na herufi atakazosoma baadaye nazo ni maumbo yenye maana.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Chukua boksi tupu la sabuni, kata kurasa sita. Kwa makaa, chora umbo moja kila ukurasa. Toboa pembeni, funga kwa uzi. Muulize mtoto, kwa lugha mnayoongea nyumbani: "Hii ni nini? Inakwenda wapi?" Akisema mraba ni ndege, basi ni ndege. Usimsahihishe.

Pengine atasema ni nyumba inayoungua. Usimkemee, wala usimlazimishe kueleza zaidi. Kaa karibu naye, msikilize. Hofu hiyo ikirudi kila siku, au ikimnyima usingizi, zungumza na mhudumu wa afya.

Jioni ya leo anzeni na duara.

[Muziki wa kufunga]