Ni Nani Astahiliye Kulishika Goti la Askari?

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, bunduki ikiharibika hupelekwa kwa fundi wa silaha, wala haipelekwi kwa mhunzi wa sokoni. Ajabu ni kwamba askari huyo huyo, goti likimuuma, humkabidhi mtu yeyote ajaye na chupa ya mafuta. Ilhali goti ndilo limbebalo mwenye bunduki katika doria, gwaride na lindo la usiku. Yafaa basi tujue ni nani wa kulitibu.

Goti ni mahali unapokutana mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake imekaa pia ya goti. Kano nne kubwa hulifunga lisiyumbe, na vipande viwili vya gegedu, mfano wa mwezi mwandamo, hupokea uzito. Hata hivyo, mlinzi wake mkuu ni misuli ya paja. Goti likiumia, misuli hiyo hudhoofika upesi. Ndiyo sababu kuchuliwa peke yake hakutoshi: kwaweza kutuliza maumivu, bali hakurudishi nguvu.

Jambo hili lilidhihirika jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago, aliwaona askari wenye magoti mabovu wakikawia kupona kwa mazoezi mepesi. Akawapa vyuma vizito vya kunyanyua kwa miguu, akiongeza uzito kwa kipimo kadiri nguvu zilivyorudi. Matokeo aliyatangaza mwaka 1945, na kanuni hiyo ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua ingali msingi wa tiba ya viungo.

Basi mtaalamu wa kweli atambulikanaje? Kwanza, awe amesoma na kusajiliwa. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 1996 iliweka baraza la kuwasajili wataalamu wa namna hii. Kumwuliza cheti chake si utovu wa heshima. Pili, aulize kabla ya kushika: goti liliumia lini, lilipindaje, na kazi yako ni ipi. Tatu, apime goti bovu na lililo zima, aangalie pia nyonga na kifundo cha mguu, kwa kuwa maumivu ya goti pengine hutoka nyongani. Nne, akupe mazoezi ya kufanya kambini, apime maendeleo yako, na akueleze ni lini utarudia mbio na mzigo mgongoni. Yule akulazaye kitandani kila siku na kukuchua tu, pasipo kukufanyisha kazi, mwache.

Tano, ajue mpaka wake. Goti lililovimba saa chache tu baada ya kuumia, lililokwama lisinyooke, lisiloweza kukanyagia hatua nne, au lenye joto pamoja na homa, ni la daktari kwanza. Mtaalamu mwaminifu atakupeleka huko mara moja, wala hatalikanda.

Wako waofichao maumivu wakiogopa kukosa kozi ya cheo au safari ya kulinda amani. Hofu hiyo yaeleweka. Lakini goti lililofichwa leo huenda likashindwa siku ya mapambano, na wenzako ndio watakaokubeba chini ya risasi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Makamanda nao wana wajibu wao: askari aliyepunguziwa kazi na daktari asiitwe mvivu.

Mazoezi ya goti huchukua majuma mengi na hayana shangwe. Yatimizeni kama mnavyotimiza amri ya lindo, kila siku, hata pasipo afande wa kuwatazama.