Nyumba Njema Huanza Kabla ya Tofali la Kwanza

Mara nyingi mtu wa Kalemie akipata fedha kidogo huanza kwa kununua mabati. Huyaegemeza ukutani, huyahesabu kila jioni, kisha hutafuta kiwanja, akachukua kile cha bei rahisi. Nyumba husimama, majirani humpongeza. Baada ya miaka miwili mitatu watoto wakohoa, ukuta wapasuka, maji yaingia mlangoni. Kosa ni la nani? Twasema kosa ni la siku ile ya kwanza, mwenyewe alipofikiri juu ya paa kabla ya kufikiri juu ya mahali.

Basi tuanze na mahali. Ziwa letu Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, upitao papa hapa mjini. Mwaka 1876 Stanley alikuta mdomo wake umezibwa kwa mafunjo na matope. Mwaka 1879 Joseph Thomson alikuta maji yakitoka kwa nguvu, maana ziwa lilikuwa limepanda likavunja kizuizi. Katika miaka iliyofuata likashuka mita nyingi, na sehemu ya mwambao tunaojenga leo ndipo ilipotokea. Kwa hiyo ziwa lilipopanda tena mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likabomoa nyumba na kuwahamisha watu wengi, halikuvamia nchi ngeni. Lilirudi kwake. Yafaa ajengaye awaulize wazee maji yalifika wapi, naye ajenge juu zaidi ya hapo. Akijenga mlimani, achimbe mifereji na kupanda majani, mvua isije ikaula udongo chini ya msingi.

Jambo la pili ni nguvu za kuta. Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, yapata saa nane na dakika ishirini mchana, nchi ilitetemeka. Tulikuwa wanafunzi bado. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 6.8, nyumba nyingi zilianguka hapa mjini, na watu kadhaa wakafa. Tuliona tofali lililoshikwa na matope matupu likimwagika kama mahindi katika gunia. Afadhali nyumba ndogo yenye msingi wa mawe na mkanda wa zege na vyuma, uzungukao kuta zote juu ya milango na madirisha, kuliko nyumba kubwa isiyofungwa na kitu.

Tena, tofali la kuchoma lataka kuni nyingi, na vilima vyetu vimekwisha kunyolewa kwa ajili ya matanuri na makaa. Iko njia nyingine: udongo wenye mchanga, uliochanganywa na simenti kidogo na kukandamizwa kwa mashine ya mkono. Mashine hiyo ilibuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Tofali lake halitaki moto; lataka kivuli na maji kwa majuma kadhaa, na uvumilivu wa fundi.

Jambo la tatu ni hewa, na hapa sisi wenyewe tulikosa. Kwa hofu ya wezi tuliacha dirisha moja dogo katika chumba cha watoto. Wakati wa mvua mbabula iliingizwa ndani, na mtoto wetu mdogo akawa akikohoa usiku kucha. Muuguzi alimtazama mtoto, kisha akatuuliza habari za nyumba: madirisha mangapi, jiko liko wapi? Tukaona haya. Jumamosi iliyofuata tulitoboa ukuta wa pili, tukatia dirisha lenye vyuma na wavu wa mbu, na jiko tukalijengea kibanda nje. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hushuka kutoka vilimani. Madirisha mawili yanayoelekeana huupokea pande zote mbili bila gharama.

Na bati, je? Bati si adui, ila bati lililolala juu ya kichwa cha mtu ni tanuri. Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alijenga huko shule ya tofali za udongo, iliyokamilika mwaka 2001. Aliliinua bati juu ya dari ili hewa ipite katikati, akalirefusha ili likinge kuta na jua na mvua. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kabisa kwa wasanifu wa majengo, naye ni Mwafrika wa kwanza kuipata.

Mwisho, tuingie ndani. Mara ngapi tumeona sebule imejaa viti vikubwa vya wageni, huku watoto watano wakilala sakafuni jikoni? Chumba chenye hewa na nafasi kuliko vyote kiwe cha wale wanaolala humo kila siku. Choo nacho kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, upande wa bondeni.

Nanyi wanafunzi, fanyeni kazi hii leo jioni: hesabuni madirisha ya nyumbani, tazameni moshi waenda wapi, waulizeni wazazi maji ya mwaka 2024 yalifika wapi, mkaweke jiwe hapo. Siku moja mtajenga ninyi, na jiwe lile litawaambia pa kuanzia.