Maji ya Moto Yakisuasua, Tusikimbilie Kulaumu Hita

Jijini Mwanza maji hupandishwa kwa pampu kutoka ziwani hadi vilimani. Ndiyo maana nyumba nyingi zina tangi, na nguvu ya maji bafuni hutegemea tangi hilo. Wengine wamefunga hita ya umeme kwenye bomba la mvua, ile inayopasha maji yanapopita. Siku maji yanapotoka ya baridi, hita hulaumiwa na mpya hununuliwa.

Kabla ya kutoa fedha, fungua koki ya maji baridi inayotoka tangi lile lile. Nayo ikisuasua, hita haina kosa. Tazama kama tangi lina maji na koki yake imefunguliwa yote. Halafu pima kimo. Mita 10 huleta msukumo wa bar 1 hivi. Tangi lililo mita 2 juu ya bomba huleta sehemu ya tano tu. Hita nyingi za aina hii haziwaki mpaka maji yasukume swichi iliyomo ndani. Dawa ni kuinua tangi.

Lakini kama maji baridi yana nguvu, huenda mchanga umeziba chujio la hita au vitundu vya manyunyu. Zima swichi kuu ndipo usafishe.

Ukihisi shoti, hata ndogo, usioge. Zima umeme, mwite fundi mwenye leseni akague waya wa ethi. Maji baridi ni adha ya dakika tano, shoti huua.