Mukami Kimathi: Mjane aliyesubiri kaburi la mumewe kwa miaka 66

MAMA Mukami Kimathi alizikwa Jumamosi ya Mei 13, 2023, Njabini, katika Kaunti ya Nyandarua nchini Kenya. Rais William Ruto alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Kulikuwa na jeneza, sala, hotuba na kaburi ambalo watoto na wajukuu wataweza kulizuru wakati wowote.

Hivyo vyote ni vitu ambavyo mumewe, Jemadari Dedan Kimathi wa Mau Mau, hakuwahi kuvipata. Kimathi alinyongwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza Februari 18, 1957, katika Gereza la Kamiti nje ya Nairobi, akafukiwa humo humo bila alama yoyote. Tangu siku hiyo hadi alipofariki dunia Mei 4, 2023, akiwa amevuka umri wa miaka 90, Mukami alikuwa na ombi moja ambalo hakuchoka kulirudia: apewe mwili wa mumewe amzike.

Kenya ilimpa mambo mengi. Hilo moja haikumpa.

Mume msituni, mke mikononi mwa serikali

Kimathi alizaliwa mwaka 1920 Tetu, Nyeri. Kabla ya vita alipata kuwa mwalimu na karani, kisha akawa mtendaji wa chama cha KAU. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, maelfu ya vijana waliingia katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kimathi akawa kiongozi wao aliyetafutwa kuliko wote.

Kwa mke wa mtu kama huyo hapakuwa na mahali pa kujificha. Wanawake ndio waliopitisha chakula, dawa, risasi na habari kutoka vijijini kwenda msituni, na Waingereza walilifahamu hilo. Kuanzia mwaka 1954 serikali iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio na kulindwa. Wengi waliobaki humo walikuwa wanawake, watoto na wazee. Wanawake hao hao walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu pembezoni mwa msitu na kuusimika miti iliyochongwa ncha, ili waume zao na kaka zao wasiweze kutoka kutafuta chakula.

Mukami alipita katika mkondo huo huo: akiwa mke, mama na mfuasi wa vita vya uhuru, mwishowe akawa mfungwa wa Kamiti.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba vita hivyo havikuwa vya Kenya peke yake. Vikosi vya King's African Rifles vilivyopelekwa kupambana na Mau Mau vilikuwa na askari kutoka Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo wakati Mukami akihangaika Kenya, kulikuwa na wanawake wengine Tanganyika na Uganda waliokuwa wakilea watoto peke yao na kungoja barua, kwa sababu waume zao walikuwa upande wa pili wa bunduki.

Kuagana Kamiti

Oktoba 21, 1956, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Nyeri. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, akahukumiwa kifo Novemba mwaka huo. Alikuwa mmoja wa watu zaidi ya 1,000 walionyongwa kwa amri ya mahakama katika kipindi hicho cha hali ya hatari.

Alipohamishiwa Kamiti kusubiri kitanzi, mkewe alikuwa mfungwa katika gereza hilo hilo, upande wa wanawake. Kama Mukami mwenyewe alivyosimulia baadaye, aliruhusiwa kumwona mumewe mara ya mwisho siku moja kabla ya kunyongwa. Wengi wanaofiwa vitani hawapati hata nafasi hiyo ya kuagana. Lakini ni wachache pia wanaoagana na mtu wakijua saa ya kifo chake, kisha wakarudishwa katika chumba chao cha mahabusu ndani ya ukuta ule ule.

Katika saa hizo za mwisho Kimathi aliandika barua kwa padri mmoja wa misheni ya Katoliki Nyeri. Barua hiyo, yenye tarehe ya Februari 17, 1957, haina amri za kijeshi wala hotuba ya siasa. Ni barua ya baba. Anaomba mwanawe apelekwe shule. Anaeleza kwamba mkewe amefungwa Kamiti na kwamba anatumaini siku moja ataachiliwa, na anaomba masista wamfariji. Anamkumbuka na mama yake mzazi, aliyekuwa mzee na mpweke.

Asubuhi iliyofuata alinyongwa. Mzigo wote ulioandikwa katika barua ile ulibaki mabegani mwa Mukami.

Uhuru bila jina

Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Hata hivyo, sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau mwaka 1950 iliendelea kuwapo. Kwa miaka 40 ya uhuru, mwanamke aliyekuwa akilea watoto wa Kimathi alikuwa, kwa mujibu wa sheria, mjane wa kiongozi wa kundi haramu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003, chini ya serikali ya Rais Mwai Kibaki.

Aliyeiaibisha Kenya kwa kusahau alikuwa mgeni. Nelson Mandela, miezi michache baada ya kutoka gerezani, alizuru Nairobi Julai 1990. Mbele ya umati katika uwanja wa Kasarani alimtaja Kimathi miongoni mwa watu waliompa moyo katika mapambano yake, na akataka kujua habari za mjane wake. Mukami hakuwa jukwaani. Alikuwa akiishi maisha ya mkulima wa kawaida, mbali na kamera. Mandela alikuja kukutana naye mwaka 2005, miaka 15 baadaye.

Baada ya hapo heshima zilifuatana. Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe, Rais Kibaki alizindua sanamu yake ya shaba katika Mtaa wa Kimathi jijini Nairobi. Chuo kikuu cha umma kilichoko Nyeri kikapewa jina lake. Juni 2013 Uingereza ilieleza kusikitishwa na mateso yaliyofanywa enzi hizo na ikakubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Lakini kila kiongozi alipomtembelea au kumwalika, Mama Mukami alirudi pale pale: mwili wa mume wangu uko wapi? Utafutaji wa Kamiti haukuzaa matunda. Oktoba 2019 taasisi inayobeba jina la Kimathi ilitangaza kwamba kaburi limepatikana. Matumaini hayakudumu, kwani serikali iliikanusha taarifa hiyo.

Mwenzake wa Kinshasa

Mukami hakuwa peke yake katika ukanda huu. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipouawa Katanga Januari 17, 1961, mwili wake uliharibiwa kwa tindikali ili usipatikane. Mwezi uliofuata mkewe, Pauline Opango, alitembea katika mitaa ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, kifua wazi kama mfiwa, akidai mwili wa mumewe. Hakupewa.

Kilichokuja kupatikana ni jino moja tu, ambalo afisa wa polisi wa Kibelgiji alilichukua na kulihifadhi. Ubelgiji ililirejesha kwa familia Juni 2022. Pauline alikuwa amefariki dunia Desemba 2014.

Wajane wawili, nchi mbili, wakoloni wawili tofauti, lakini msiba ni mmoja. Mfiwa asiye na kaburi hana siku ya kuanua matanga.

Swali la leo

Mukami alipozikwa, wanajeshi wa Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walikuwa mashariki mwa Kongo chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengine wa ukanda huu wamekuwa Somalia tangu mwaka 2007. Nyuma ya kila mmoja kuna mke, mama au mtoto anayeishtukia kila simu ya usiku.

Ahadi ndogo kabisa ambayo dola inaweza kuipa familia hiyo ni ukweli na mwili wa kuzika. Hata hiyo haitimizwi kila mara. Baada ya kambi ya Wakenya kushambuliwa El Adde, Somalia, Januari 15, 2016, serikali haikutaja idadi kamili ya waliouawa, na baadhi ya familia zilingoja vipimo vya vinasaba ili kuwatambua wapendwa wao.

Ni rahisi kumsifu mjane kwa uvumilivu. Sifa hiyo haina gharama, na mara nyingi hutolewa na wale wale wenye uwezo wa kumpunguzia cha kuvumilia. Mama Mukami alistahili sifa zote alizopewa Njabini. Alilea watoto, alishinda gereza, aliishinda aibu aliyobandikwa na sheria, na akaishi hadi kumwona mumewe akisimamishwa kwa shaba katikati ya jiji.

Usiku wa kuamkia kifo chake, Kimathi aliomba mtoto asomeshwe na mke afarijiwe. Mke huyo naye alikuwa na ombi lake. Sasa amelala Njabini, chini ya Aberdare. Mumewe bado yuko Kamiti, ndani ya ukuta wa gereza, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwonyesha.