Kwa Nini Nyuso za Watoto Wangu Hazimo Humu

Watu wa kwetu Kenya wamekuwa wakiniuliza mambo mawili tangu nianze blogu hii, na wiki iliyopita yakaulizwa tena kwenye kundi la WhatsApp la familia, mbele ya wajomba, mashemeji na watu ambao hata siwafahamu vizuri. La kwanza: kwa nini chini ya ukurasa pameandikwa jina langu kamili na anwani ya nyumba ninamoishi Hamburg, kana kwamba nawaelekeza wezi? La pili alilitoa tata (shangazi) yangu wa Othaya kwa sauti, na kwa ukali: mbona picha zote za watoto ni za kisogo? "Unawaonea haya watoto wako?" Nilimwambia, "Tata, nitaeleza." Haya ndiyo maelezo.

Nianze na anwani. Ujerumani, mwenye ukurasa wa mtandaoni unaozidi mambo yake binafsi na ya familia yake analazimishwa na sheria kuweka jina lake na mahali anapopatikana. Sehemu hiyo inaitwa Impressum. Mjerumani akikutana na tovuti asiyoiamini, huko ndiko anakokwenda kwanza, kabla hajasoma lolote. Sanduku la posta halitoshi. Lazima iwe anwani ambako karatasi za mahakama zinaweza kufikishwa. Mfanyabiashara akiacha kuiweka, mshindani wake anaweza kumwandikia kupitia wakili, na hadi mwaka 2020 gharama ya barua hiyo aliweza kudaiwa huyo huyo aliyeandikiwa. Mimi nimekulia mahali ambapo barua ya mtu hupitia sanduku la shule ya msingi au la kanisa, kwa hiyo siku ya kuandika jina la barabara yangu pale chini, mkono ulikuwa mzito.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1530, baraza la Dola Takatifu la Roma lilipokutana Augsburg, liliagiza kila kinachopigwa chapa kibebe jina la mpiga chapa na mji wake. Ilikuwa enzi ya Martin Luther, vipeperushi vilikuwa vimejaa kila mahali, na wakuu walitaka kujua wamkamate nani. Kwa hiyo lilianza kama rungu la watawala. Limepita kwenye magazeti, likaingia kwenye tovuti, na sheria ya karibuni inayoligusa, ile ya huduma za kidijitali, ilianza kutumika Mei 2024. Leo linamsaidia zaidi msomaji, maana anajua aongee na nani akidanganywa.

Nami nimekuja kulikubali, hasa nikilinganisha na kwetu. Kurasa nyingi za Facebook za miji yetu, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, hubeba jina la mji au la mtaa. Anayeandika humo hana jina. Anaweza kuandika kwamba mwalimu fulani ameiba hela za wazazi, picha ya mwalimu ikawekwa, watu wakatukana usiku kucha, na asubuhi hakuna wa kuulizwa. Kwetu mwandishi amejifunika na anayeandikwa yuko wazi. Hapa mwandishi ndiye aliye wazi, na anayeandikwa anaulizwa kwanza. Nimeishi kote kuwili, na kwa hili sitetei kwetu.

Sasa nyuso. Mtoto akianza shule hapa, mzazi hupewa fomu ya picha yenye visanduku vya kutia alama: picha ya darasa, ndiyo au hapana, gazeti la shule, tovuti ya shule, gazeti la mtaa. Kila kimoja kinajibiwa peke yake, na unaweza kubadilisha mawazo baadaye. Mwanangu alipokuwa chekechea, nililetewa picha ya siku ya michezo ambayo mwalimu alikuwa amebandika vibandiko vya jua la njano juu ya nyuso za watoto wote isipokuwa wangu. Watoto wengine walikuwa miili midogo yenye vichwa vya jua, mmoja ameshika mpira, mwingine ameanguka. Mama wa Nyeri akiiona picha hiyo atauliza ugonjwa gani umeingia shuleni. Mpaka nyumba hufichwa hapa: Google ilipoleta picha zake za barabarani mwaka 2010, kaya zipatazo 244,000 ziliomba kuta zao zitiwe ukungu.

Nilitaka kujua wameutoa wapi woga huu, na jibu lilikuwa karibu na kwangu, mwendo wa treni kuelekea msitu wa Sachsenwald. Huko Friedrichsruh ndiko alikofia Otto von Bismarck, tarehe 30 Julai 1898. Ndiye yule ambaye nyumbani kwake Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikaa kupanga namna ya kuichukua Afrika. Usiku aliofariki, wapiga picha wawili wa Hamburg, Max Priester na Willy Wilcke, walimhonga mtu aliyekuwa zamu, wakaingia chumbani na kumpiga picha maiti kitandani, nguo na matandiko yakiwa bado hayajapangwa. Wakatangaza gazetini kwamba wanatafuta mnunuzi. Familia ilikwenda mahakamani, picha zikachukuliwa, na wawili hao wakafungwa. Lakini majaji walitaabika kweli, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyosema uso wa mtu ni wake. Waliishia kutegemea kosa la kuingia nyumba ya watu. Pengo hilo likazaa sheria ya mwaka 1907 ambayo inatumika hadi leo: picha ya mtu haisambazwi bila idhini yake, na akifa, jamaa zake ndio wanaoombwa kwa miaka kumi.

Tata, soma hapo tena, halafu ukumbuke ya baba yangu.

Baba alipolazwa katika hospitali moja ya Nyeri, mtu aliyekuja kumjulia hali alimpiga picha kitandani. Shati lilikuwa wazi, mrija puani, mdomo umefunguka kwa usingizi wa dawa. Ikatumwa kundi la kanisa, kutoka hapo kundi la kijiji, kutoka hapo makundi ya watu waliosoma naye. Mimi, mtoto wake wa kwanza, niliipata kutoka kwa mwanamke wa Embu ambaye hatujaonana tangu shule, akiniandikia pole. Pole ya nini? Sikuwa nimeambiwa hata kwamba amelazwa. Mungu alimsaidia akapona. Aliporudi kwenye kituo cha kupimia majani chai, watu walimshika mikono kama aliyefufuka, na mmoja akamwonyesha picha yenyewe kwenye simu. Baba amefundisha watoto wa Othaya maisha yake yote akiwa na tai shingoni. Aliniambia kwamba ugonjwa haukumuumiza kama ile picha.

Sisemi simu zetu hazina kazi njema. Michango ya hospitali yake yenyewe ilikusanywa kwenye kundi lile lile. Na wote tunamkumbuka marehemu Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja kule Nakuru, aliyejulikana dunia nzima mwaka 2012 kwa kutumia Twitter kuwaita wanakijiji pakitokea wizi na kutangaza kondoo waliopotea. Lakini chifu aliandika kwa jina lake na cheo chake, akitafuta mwizi au mnyama. Hakuweka wagonjwa.

Wala msiniambie huu ni Uzungu nimeuokota huku. Kenya ina sheria yake ya kulinda data ya watu tangu Novemba 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na kabla ya sheria, tulikuwa na Wahome Mutahi, mtu wa Nyeri. Kwa miaka mingi kabla ya kufariki Julai 2003, alituandikia nyumba yake gazetini kila Jumapili: mke aliyemwita Thatcher, binti aliyemwita Pajero, mama yake Appepklonia. Baba alikuwa akitusomea safu hiyo ya Whispers baada ya kanisa. Tuliwajua watu wale kuliko majirani, na hatukuwahi kuziona nyuso zao. Mjini Nyeri kuna bustani inayobeba jina la Whispers hadi leo. Mimi nikiandika kuhusu wanangu namfuata yeye. Habari zao nawapa ninyi. Nyuso wamebaki nazo wenyewe.

Wao wenyewe wamenizidi kwa msimamo. Mdogo, aliyebeba jina la guka (babu) yake, ana miaka minane, na fomu zile za shule zimemwingia damuni. Tukimpigia cucu (bibi) simu ya video, kabla hajapiga picha ya skrini huuliza, "Cucu, naweza?" Mwanzoni cucu alicheka hadi miwani ikamtoka. Siku hizi naye humuuliza, na mtoto hufikiri kabla ya kujibu. Alipong'oka meno ya mbele alikataa katakata, na cucu alikubali, akasema watangoja yaote. Bibi na mjukuu wamejenga kitu chao hapo ambacho sikukipanga. Nilipomwambia mdogo kwamba wapo watu waliompiga picha Bismarck akiwa amekufa, aliuliza kama walirudi kuomba msamaha.

Mkubwa ndiye kazi. Ana miaka kumi na mitatu, na Aprili 2024, WhatsApp iliposhusha umri wa kujiunga huku Ulaya kutoka 16 hadi 13, alikuwa wa kwanza kunisomea habari hiyo, ingawa wakati huo bado alikuwa mdogo. Desemba tulikuwa Othaya. Yeye na binamu yake walirekodi ngoma nyuma ya jiko la cucu, wakairudia mpaka jua likazama, na binamu akataka kuiweka TikTok usiku ule ule. Nilikataa. Binti yangu akanuna safari nzima ya kurudi Nairobi. Karibu na Sagana akaniuliza jambo ambalo bado linanisumbua: kama uso ni wangu, mbona wewe ndiye unayeamua?

Nimelichunguza, na yuko karibu na ukweli. Hapa Ujerumani huchukuliwa kwamba mtoto anapofika takriban miaka kumi na minne, ana akili ya kutosha kuhusu picha zake, kwa hiyo idhini ya mzazi peke yake haitoshi, na yake inatakiwa pia. Anatimiza Machi. Amekwisha kunitangazia kwamba atapitia blogu hii yote, kisogo kwa kisogo, na anaweza kuagiza baadhi ziondolewe, hata ile ninayoipenda ya mwavuli mwekundu bandarini. Nimemwambia nitaziondoa. Kuhusu TikTok tumekubaliana kwamba kuanzia Machi tutazungumza upya, sote wawili tukiwa na kura.

Kwa sasa video iko kwenye simu ya binamu yake na haijawekwa popote. Wasichana wanaitazama kila wanapopigiana. Mdogo ana sharti lake: mahali fulani katikati anaonekana nyuma yao akikimbiza kuku wa cucu, na anataka kipande hicho kikatwe. Binamu ameahidi kukikata.