Mpungate na Mnyaa: Tunda Lipi Huliwa?

Katika vijiji vya Usukuma, kutoka Mwanza kuelekea Magu au Misungwi, utaona nyumba na mazizi yaliyozungushiwa ua wa minyaa. Ukiulizwa ni mmea gani, usikimbilie kujibu "kakati". Kosa hilo linaweza kukugharimu zaidi ya alama: tunda la mpungate, ambao ndio kakati halisi, huliwa, utomvu wa mnyaa ni sumu.

Kwa nini hukanganya?
Mimea yote miwili huhifadhi maji kwenye shina la kijani, na usanisinuru hufanyika humo. Hata hivyo, haina undugu wa karibu. Mpungate ni wa familia ya Cactaceae. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Afrika na binadamu. Mnyaa ni wa familia ya Euphorbiaceae, pamoja na muhogo unaoula nyumbani. Kila mmoja ulibadilika kivyake ili kupunguza upotevu wa maji.

Tofauti kuu
(a) Shina: la mpungate ni vipande bapa vilivyoungana, la mnyaa ni vijiti vya mviringo kama penseli.
(b) Miiba: ya mpungate ni majani yaliyobadilika, nayo huota kwa mafungu, mnyaa hauna miiba.
(c) Utomvu: wa mnyaa ni mweupe kama maziwa, mpungate hutoa ute usio mweupe.
(d) Tunda: la mpungate ni nene, lenye nyama na mbegu nyingi, la mnyaa ni dogo na kavu.

Namna ya kula mpungate
Usilishike tunda kwa mkono mtupu, kwani lina vimiiba vidogo kama nywele. Lishike kwa koleo, lipitishe juu ya moto ili viungue, kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu, kisha menya. Nyama huliwa pamoja na mbegu, au husagwa na kuchujwa kupata juisi. Huko Laikipia, Kenya, ambako mpungate umevamia malisho, wapo wanaotengeneza jemu. Tunda hili lina vitamini C na nyuzinyuzi.

Zingatia: Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kisha nenda kituo cha afya.

Jipime: Mwanafunzi amedai kuwa mimea miwili inayofanana lazima iwe ya familia moja. Mpinge kwa hoja mbili.